Amri ya Kukaa Tlawi

Mke wangu alikuwa ananiita Karani. Haikuwa heshima, ulikuwa utani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya misheni, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kusimamia mizani ya magari kwenye shamba moja la ngano la serikali, kule chini kwenye tambarare za Hanang. Yeye alibaki juu, Tlawi, kwenye eneo nililorithi kwa baba yangu, na mahindi, na maharage, na ng'ombe wetu wachache, na ile baridi ya asubuhi inayofanya moshi ulale juu ya paa usitake kuondoka. Kila mwisho wa mwezi nilidandia lori hadi Dongobesh, nikatafuta gari jingine hadi Mbulu mjini, kisha nikamalizia kwa miguu.

Nikiinama kuingia mlangoni alikuwa anasema bila kugeuka kutoka kwenye chungu, "Karani amekuja. Mwezi huu umepima nini?"

"Ngano."

"Ngano kila siku. Siku moja unipime na mimi, uone nilivyokonda kwa kukungoja."

Sasa mimi ni mzee, na katika maneno yote niliyowahi kuambiwa, pamoja na ya jaji aliyeniachia huru, hakuna ninayotamani kuyasikia tena kama hayo ya mlangoni.

Shamba lile lilikuwa kubwa mno. Kombaini zikivuna upande mmoja, ukiwa upande wa pili ulichoona ni vumbi tu. Wafugaji wa Kibarbaig walipita kando na ng'ombe wao, wakitazama ardhi waliyochungia baba zao, na mimi, kijana mwenye kalamu sikioni, sikuwawaza hata kidogo. Nilijiona mtu wa serikali. Lori likipanda kwenye mizani nilisoma uzito, nikaandika hati, mlinzi akafunga turubai na kupiga lakiri. Likishapigwa lakiri hakuna askari aliyelifungua njiani mpaka Arusha. Ngano ya serikali ilipita vizuizi vyote ikisalimiwa.

Miaka hiyo vitu viliadimika madukani. Ungeweza kuzunguka Katesh nzima usipate kipande cha sabuni. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, alizaliwa katika shida hiyo, na mke wangu alifua nepi zake kwa majivu mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alikuwa anaificha mikono yake chini ya khanga nilipokuwa nyumbani. Khanga yenyewe ilikuwa imechakaa, ukiishika juani unaona mlima upande wa pili.

Pale Katesh palikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu mzima, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kondoa. Rafu za duka lake zilikuwa tupu kama za wenzake, lakini chumba cha nyuma hakikuwa kitupu. Siku moja nilipita, nikamwamkia.

"Marahaba, Bwana Mizani. Mama mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee. Anafua kwa majivu."

Alinitazama, akaingia nyuma, akatoka na mche wa sabuni, sukari, na doti ya khanga mpya bado inanukia kiwanda. Nilipouliza bei alikunja uso kana kwamba nimemtukana. Safari iliyofuata ndipo akanionyesha kifurushi, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai.

"Hiki ni cha ndugu yangu Arusha. Dereva anajua. Wewe kazi yako ni kukiingiza chini ya turubai kabla ya lakiri."

"Kina nini, mzee?"

"Meno ya mama yangu," akasema, akacheka. "Usiulize sana, Bwana Mizani, utazeeka haraka."

Nilikipokea, na mkono ukashuka. Mtu anayeshinda kwenye mizani hahitaji kuambiwa. Kitu kidogo vile chenye uzito ule hakiwi chai, wala hakiwi dawa. Na wote tulijua kwamba dhahabu ilichimbwa kwa mikono upande wa Iramba, ikaletwa kwa njia mbovu za Yaeda Chini ambako hata baiskeli hukwama, ili ikwepe barabara kuu. Nilijua, nikakiingiza chini ya turubai, na mwisho wa mwezi nikapanda Tlawi na sabuni. Mke wangu aliinusa kabla ya kuuliza.

"Umeitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Nani siku hizi anatoa sabuni?"

Nikaenda kuchota maji. Alimwogesha mtoto kwenye beseni pale uani, povu likamfika kidevuni, na mtoto akacheka mpaka na sisi tukacheka. Kwa ajili ya jioni ile nilibeba kifurushi kingine, na kingine tena.

Kisha polisi wakavunja lakiri. Lori lilisimamishwa Makuyuni na watu ambao, bila shaka, walikuwa wameshaambiwa watafute nini. Dereva alikimbilia porini, hakuonekana tena. Duka la Katesh lilifungwa, na mwenyewe akawa amekwenda kusikojulikana. Nikabaki mimi, niliyekuwa nimesimama palepale kwenye mizani walipokuja, nikisoma uzito wa lori jingine. Mmoja wao aliniruhusu nimalize kuandika.

Mahakamani nilisema sijui lolote. Ulikuwa uongo, ila upande wa mashtaka haukuwa na mtu wa kuupinga. Hakimu aliniachia kwa kukosa ushahidi. Niliteremka ngazi za mahakama nikiwa mtu huru, na uhuru wangu uliishia kwenye ngazi ya mwisho. Pale chini alikuwepo afisa mwenye karatasi. Alinisomea kwamba, kwa ajili ya usalama wa nchi na uchumi wake, ninawekwa kizuizini.

Kwa wasioijua, amri ile haikuwa hukumu. Aliyehukumiwa huhesabu miaka yake, anajua siku ya kutoka. Kizuizini hakuna kesi, hakuna shahidi, na hakuna mwisho ulioandikwa. Amri hutoka juu kabisa, nawe unakaa mpaka waliokuweka wakukumbuke.

Nilipelekwa gereza la Arusha. Mke wangu alikuja mapema, kabla ya mvua za vuli, amembeba mtoto mgongoni kutoka Tlawi. Tulizungumza wavu ukiwa katikati. Alijitahidi.

"Karani. Humu ndani wanapima nini?"

"Siku," nikamwambia.

Mtoto alishika wavu kwa vidole vyote akawa anautikisa. Nikavigusa. Askari akasema muda umekwisha, na hapo mke wangu akaacha utani.

"Urudi," akasema. "Wakikuambia utembee kwa magoti, tembea. Wakikuambia uimbe, imba. Mimi sitaki ushinde, nataka urudi. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sema utarudi."

"Nitarudi kwa njia yoyote itakayofunguka."

Hayo niliyasema kwa kinywa changu.

Kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi na mtu asiyejua kusoma, alikwenda kwa paroko wetu, na paroko akampata wakili mjini Arusha. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kikohozi. Alinieleza kwamba sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwa imelegezwa, na sasa mtu angeweza kuihoji amri mbele ya Mahakama Kuu. Sheria hiyohiyo, akasema, inamtaka mwenye mamlaka amweleze mfungwa sababu za kumweka ndani, na kwa muda uliowekwa. Akaniuliza kama niliwahi kupewa sababu.

"Nilisomewa amri tu."

"Sababu? Kwamba ulifanya nini, wapi, lini, na nani?"

"Hapana."

Akapiga goti lake. "Basi tumewapata."

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu mwingine. Ile elimu yangu ya kidato cha nne, iliyokuwa imelala kwenye mizani ikisoma uzito wa ngano, iliamka. Nilijifunza kusema "amri batili" na "haki ya kusikilizwa". Niliwaeleza wenzangu bwenini hoja zetu, wakaniita wakili. Mzee mmoja aliyewekwa ndani kwa sababu ambazo naye hakuambiwa alikuwa ananiomba nimweleze upya kila asubuhi, kama mtu anayeomba aimbiwe wimbo. Nilisahau kabisa kwamba kifurushi kile nilikibeba kweli. Katika hoja zetu hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na karatasi na kasoro zake.

Shauri liliahirishwa mara nyingi. Mara faili halijafika, mara wakili wa serikali ana udhuru. Mvua za vuli zikaja, na mke wangu hakuja tena. Alikuja kaka yangu, peke yake, viatu mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umenenepa, mdogo wangu. Serikali inakulisha."

"Inatupa maharage yenye wadudu. Wadudu ndio nyama."

Alicheka kwa kuchelewa kidogo. Nikamuuliza mama mtoto yuko wapi.

"Mvua imekata barabara."

"Wewe umepitaje?"

"Mimi nina miguu ya mbuzi."

"Na mtoto?"

Aliinama kuvaa viatu vyake, ingawa muda wa kuondoka ulikuwa bado. "Kule ni baridi," akasema. Nilidhani mke wangu amenikasirikia kwa aibu niliyoileta. Nikakasirika na mimi. Nikajisemea nitashinda kesi hii, nitaingia Tlawi kichwa juu, na hapo ataona.

Mwezi mmoja kabla ya mavuno niliitwa ofisi ya mkuu wa gereza. Wakili wa serikali alikuwepo, na wakili wangu, na kwa kuwa ilikuwa siku ya wageni kaka yangu naye akaruhusiwa kusimama mlangoni. Wakili wa serikali alizungumza kwa upole. Amri yangu ingesitishwa kwa masharti, nami ningetoka wiki hiyohiyo. Ningekaa nyumbani kwangu katika kata ya Tlawi, nisivuke mpaka wake bila kibali, niripoti kwa katibu kata. Na ningeondoa maombi yangu Mahakama Kuu.

Wakili wangu alikohoa. "Kama wakili nakuambia tutashinda, mwezi huu au ujao. Kama baba mwenye watoto, mimi ningesaini niende nyumbani."

"Na kazi yangu ya mizani?"

"Iko nje ya Tlawi," akasema wakili wa serikali. "Hapana."

Kaka yangu hakuweza kuvumilia. "Saini! Mizani ya nini? Nani ana shida ya kutoka Tlawi? Mimi mwaka mzima sijatoka ila kwa ajili yako, na sijafa."

"Kaka, mimi si mbuzi wa kufungiwa kamba ndefu nikaambiwa niko huru."

"Mke wako—" akaanza.

"Mke wangu ana nini?"

Alifungua kinywa. Mpaka leo naona kile kinywa kilivyofunguka kisha kikafungwa. "Anakungoja," akasema.

"Basi angoje kidogo. Nitarudi nimesimama."

Nilikataa. Wenzangu bwenini walinipigia makofi.

Tulishinda. Siku ile jaji, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, alimwuliza wakili wa serikali, "Sababu ziko wapi?"

"Mheshimiwa, ni mambo nyeti."

"Sikuulizi kama ni nyeti. Mhusika alipewa?"

"Hakupewa, Mheshimiwa."

Jaji akasoma uamuzi kwamba amri ile haikufuata sheria na kwamba niachiwe palepale. Hakusema kwamba sikupitisha dhahabu. Hakuulizwa hilo. Lakini mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Nje wakili wangu aliuinua mkono wangu kama wa bondia. "Umeishinda serikali, kijana!" Tukanywa soda ng'ambo ya barabara, nikaomba nakala ya uamuzi yenye muhuri ili niipeleke shambani nirudishiwe kazi. Kuipata nakala kulichukua siku kadhaa. Niliingojea, badala ya kupanda basi jioni ileile.

Mbulu mjini kaka yangu alinipokea stendi. Hakunitania, hakunishika mkono. Alinivuta pembeni, nyuma ya mabasi, akasema, "Mtoto hayupo."

"Yuko wapi?"

"Alikufa vuli. Kifua. Mdogo wangu, tulikatazwa kukuambia. Wazee walisema mtu aliyefungwa haambiwi msiba, atajiumiza. Na mama yake ametengwa."

Hapa inanibidi nieleze. Kwetu Wairaqw, zamani, na kwa baadhi ya nyumba mpaka siku zile, mtoto anayenyonya akifa nyumba yake hutengwa. Hakuna anayevuka mpaka wa eneo lile kuingia, na waliomo hawatoki kwenda kwa wengine. Hawachangii moto na majirani, wala kisima, wala malisho. Mtu akitaka kuwapa chumvi huiweka mpakani, huita, kisha hurudi nyuma. Inakuwa hivyo hata kwa mwaka, mpaka wazee waseme imetosha na kuombea. Si adhabu. Ni kwamba kifo kile kinahesabiwa kuwa bado kimo ndani, na wenye watoto wadogo na ng'ombe wenye mimba wanaogopa. Makatekista walikuwa wanahubiri tuache, na wengi walikuwa wameacha. Mke wangu hakuacha. Pande zote mbili alikuwa na majirani wanaonyonyesha, na hakutaka siku moja aambiwe ni yeye aliyewapelekea kifo.

Kwa hiyo alikuwa amekaa mle peke yake, tangu vuli, na ng'ombe mmoja aliyebaki. Hizo ndizo siku nilizokuwa nafundisha bweni maana ya amri batili.

"Na mimi?" nikamuuliza kaka. "Mimi ni baba."

"Wazee wamesema wewe hukuwepo, kifo kile hakiko juu yako. Ila ukiingia umeingia. Utakaa naye mpaka mwisho."

"Mwisho lini?"

"Mahindi yakivunwa."

Eneo letu lilizungukwa na ua wa minyaa, na kwenye njia palilazwa tawi, alama ya kukataza kupita. Nilisimama kabla ya tawi. Alikuwa anapalilia viazi karibu na nyumba. Aliniona pale niliposimama, akaliweka jembe chini polepole, akaja mpaka umbali wa watu wanaoweza kuongea bila kupaza sauti. Amekonda. Kichwa kimenyolewa. Alikuwa amevaa khanga ile ya zamani.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi. Nilishinda kesi."

"Nimesikia. Kaka yako aliita kutoka kilimani."

Nilipaswa kusema juu ya mtoto. Mahali pa maneno hayo palijaa mengine, yale niliyokuwa nayo tayari. Nikaanza kusema kama niliyesimama mbele ya jaji. Nikasema sisi ni Wakristo, tumebatizwa, mila hii imepitwa. Nikasema hakuna mtu mwenye haki ya kumfungia mwenzake ndani bila kosa.

"Nani ametoa amri hii?" nikamwambia. "Amekaa wapi? Sababu zake ziko wapi?"

Alinitazama bila hasira.

"Sababu ni mtoto," akasema.

Upepo ulikuwa unapita juu ya mahindi yaliyoanza kukauka. Baadaye akauliza, "Umekuja kuingia?"

Najua nilichofikiri, kwa sababu nimekifikiria tena kila siku. Niliiona nyumba ile ndogo nyuma yake, mlango wake wa kuinama, nikaona kuta za bweni. Nikaona asubuhi hazina tofauti. Nilikuwa nimetoka kwenye kufungiwa siku chache tu zilizopita, na mwili wote ulikataa. Na sikumwambia hivyo. Kama ningemwambia naogopa, nadhani angenielewa, maana yeye alikuwa ameogopa mle peke yake. Badala yake nilisema juu ya kazi.

"Kombaini zinaingia shambani wiki hii. Nisipopeleka uamuzi wa mahakama sasa watampa mtu mwingine mizani. Mavuno yakiisha na wewe utakuwa umetoka. Nitakuja."

"Mavuno yakiisha," akasema.

"Si mbali."

"Haya. Nenda, Karani."

Ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo, na utani haukuwamo.

Kule shambani mtu mwingine alikuwa ameshapewa mizani. Ningeweza kurudi Tlawi kesho yake. Nilibaki. Nililala kambini kwa wavunaji, nikaenda ofisini kwa meneja kila asubuhi na nakala yangu yenye muhuri, nikamweleza maana yake, nikaandika barua, nikamfuata hata kwenye gari lake. Wakati wa mchana nilishona magunia na vibarua. Mavuno yalipokuwa yanaelekea mwisho walichoka na mimi, wakanirudishia kazi. Nilishinda na hiyo.

Nilipopanda Tlawi tawi halikuwepo njiani. Mahindi yalikuwa yamevunwa yote na kupangwa vizuri darini, mabua yamefungwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe yuko kwa kaka yangu. Jikoni majivu yalikuwa yamezolewa. Wazee walikuwa wamekuja, wakaombea, wakamtoa, na siku iliyofuata alikwenda kwao Masakta.

Tulimfuata, mimi na kaka yangu, na asali, kama inavyotakiwa mtu anapomfuata mke. Baba yake alitupokea vizuri. Tulipewa maziwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, na kaka yangu, aliyenijua, aliniambia kabla hatujaingia, "Leo usihutubie." Mke wangu aliitwa, akaketi nyuma ya mama yake. Baba yake akamwambia aseme mwenyewe.

"Alipokuwa gerezani," akasema, akimtazama baba yake na si mimi, "kila jioni nilijiambia, akitoka atakuja akae na mimi humu. Hata kama ni kwa siku zilizobaki. Tutakuwa wawili ndani, tutamlilia mtoto wetu. Niliposikia ameachiwa nilitandika kitanda, nikatoa ngozi ya kulalia nje ipate jua. Nikaona siku zinapita, nikaitoa tena. Siku aliyokuja ilikuwa imeanikwa pale ukutani. Aliiona. Alisimama anaitazama."

Sikuiona. Nakumbuka viazi, nakumbuka jembe, nakumbuka kichwa chake. Ngozi sikuiona, na sikuweza kusema hivyo pale, kwa sababu lingekuwa ni jambo baya zaidi.

"Sitarudi," akasema. "Simchukii. Ila sitarudi."

Ng'ombe wa mahari walirudishwa Tlawi mwaka uliofuata, wakiswagwa na shemeji zangu. Aliolewa tena, na akapata watoto. Nilimwona mara moja mnadani Katesh, amesimama na wanawake wenzake anacheka kitu, mkono mdomoni. Nikabadili njia.

Mimi sikuoa tena. Nilikaa kwenye mizani mpaka shamba lilipoanza kufa, kombaini zikaota kutu moja baada ya nyingine, nikapanda juu na sanduku langu. Nimekaa hapa miaka mingi sasa, na watu wa hapa wananiheshimu. Vijana wenye migogoro ya mipaka huja nikawasomea barua zao. Wananiambia, mzee, inasemekana wewe uliishinda serikali mahakamani, tusimulie. Huwa nawasimulia mpaka kwa yule jaji, naishia hapo.

Kuna jambo moja sikulipata kwa yeyote, nalo ni mahali hasa lilipo kaburi. Mtoto alizikwa humuhumu ndani ya eneo; waliomzika ni mama yake na bibi mmoja mzee aliyekubali kuingia siku ile tu. Bibi yule alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza. Kule Masakta, siku ile ya maziwa, ningeweza kumwuliza mama wa mtoto, na sikumwuliza, nikiogopa asije akajua kwamba hata hilo silijui. Kaka yangu alikuwa mbali, kilimani. Aliona tu kwamba walikuwa upande wa chini, kati ya minyaa na mfereji.

Ni kipande kizuri, udongo wake mweusi, maji hayatuami. Majirani wanashangaa kwa nini kila mwaka nalima juu tu na kule chini nimeachia majani. Mwaka huu mpwa wangu alikuja na plau na maksai, akataka kunisaidia, akanyoosha kidole kule chini: "Mjomba, nianzie wapi, nisianzie wapi? Sema tu."

Nilikwenda nikasimama pale majanini. Nilijaribu kuhisi kwa miguu. Nikamwambia akiache chote.